Mbingu Ziko Wazi, Mbona Twawafumba Watoto Macho?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

 Nina neno nawe leo, na si neno la kubembeleza.

Si siku nyingi zilizopita, mwalimu mmoja wa skuli, Mwislamu asiyekosa safu ya mbele, alitaka kuwakusanya vijana wa mtaa baada ya sala ya Alasiri awaeleze habari za ardhi na mbingu: ardhi imekaaje, jua liko mbali kiasi gani, mwezi huandama vipi, na bahari hujaa na kupwa kwa sababu gani. Aliazima ukumbi, akatafuta mpira uwe ndio ardhi na taa iwe ndiyo jua. Vijana walifurahi. Kisha likatembea neno barazani kwamba huyo ataka kuwaharibia watoto itikadi, na kwamba mzazi mwenye kumcha Mungu asimpeleke mwanawe. Siku ilipofika, viti vilikuwa sitini na watoto waliokuja walikuwa saba. Mwalimu aliwasomesha hao saba, akazima taa yake, akaenda zake.

Mimi nilikuwa katika walioketi barazani siku neno lile liliposemwa. Sikulisema mimi, lakini nililisikia nikanyamaza, nami nina ndevu nyeupe na watu hungoja kuona nitasema nini. Kunyamaza kwangu kulihesabiwa kuwa ni fatwa. Basi leo nautoa ulimi wangu, na kila hoja niliyoisikia siku ile nitaijibu, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza: "Hayo ni mambo ya Wazungu, tena wao wenyewe huyaita mihadhara ya Krismasi."

Ni kweli kwamba mihadhara ya namna hii iliyo mashuhuri kuliko yote ni ile ya Royal Institution ya London, nayo huitwa mihadhara ya Krismasi. Ilianza mwaka 1825, na kila mwaka imekuwa ikifanywa ila katika miaka ya vita, 1939 hadi 1942. Imeitwa kwa jina hilo kwa kuwa hufanywa wakati skuli zao zimefungwa mwisho wa mwaka. Hapana ibada ndani yake. Mtaalamu husimama mbele ya watoto na vyombo vyake mezani, akafanya jambo mbele ya macho yao, akamwita mmoja wao aje alifanye kwa mkono wake mwenyewe. Wengi wamewaeleza watoto habari za mbingu katika ukumbi huo: Robert Ball mwaka 1881, James Jeans mwaka 1933, Carl Sagan mwaka 1977. Mwaka 2020 mihadhara ilikuwa juu ya hii ardhi yetu tunayoikanyaga, na mmoja wa waliosimama alikuwa Chris Jackson, mtu mweusi, mtaalamu wa mawe na majabali.

Lakini nitakusimulia zaidi habari za Michael Faraday, kwani ndani yake mna funzo letu. Huyu alizaliwa mwaka 1791, baba yake mhunzi, watu wa dhiki. Alipokuwa na miaka kumi na minne alitiwa kazini kujifunza kujalidi vitabu. Alikuwa akivijalidi huku akivisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tikiti za kuingia katika mihadhara ya Humphry Davy, mtaalamu mkubwa wa zama zile. Kijana akaketi, akaandika kila alilolisikia, akayajalidi maandishi yake kwa mkono wake, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akapewa kazi ya kumsaidia. Mwaka 1831 Faraday huyu akagundua namna ya kuzalisha umeme kwa sumaku, na mpaka leo mitambo mingi inayotuletea umeme nyumbani hufanya kazi kwa njia ile. Kisha, alipokuwa mkubwa, hakusahau ile tikiti. Mara kumi na tisa, baina ya 1827 na 1860, alisimama yeye mwenyewe kuwasomesha watoto. Aliwahi kuchukua mshumaa mmoja, mshumaa tu, akafanya juu yake darsa sita: kwa nini unawaka, moshi ni nini, maji yanatoka wapi katika moto, na pumzi ya mwanadamu imefanana vipi na ule mwako.

Tafakari, msomaji. Mtoto wa mhunzi, kwa tikiti aliyopewa, akawa sababu ya taa inayokuangazia usiku. Katika wale watoto wetu hamsini na tatu waliozuiwa, wewe wajua alikuwamo nani?

Ama kusema kwamba elimu yenyewe ni ya Wazungu, hayo ni maneno ya mtu asiyeijua nyumba yake. Nyota wanazozitazama Wazungu hao, nyingi bado zina majina ya Kiarabu: Aldebaran ni Ad-Dabaran, Altair ni At-Tair, Deneb ni Dhanab, Rigel ni Rijl, Fomalhaut ni Famu-l-Hut, yaani kinywa cha samaki. Abdur-Rahman As-Sufi aliziandika nyota na kuzichora katika mwaka 964. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipanda mlima huko Nandana, katika nchi iitwayo Pakistani leo, akapima pembe ya upeo wa macho, na kwa hesabu akajua ukubwa wa ardhi. Aliandika kitabu kikubwa ambacho makusudio yake yalikuwa kujua mahali pa mji wa Ghazna juu ya ardhi, ili kibla chake kijulikane kwa yakini. Ibnu Shatir, ambaye hesabu zake za sayari husomwa mpaka leo, kazi yake ilikuwa kuangalia nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damaskasi. Na Ibnu Majid, bingwa wa bahari wa karne ya kumi na tano, alitunga juu ya safari za kwenda kwa nyota mpaka pwani hizi zetu, mpaka Sofala. Je, hawa nao walikuwa wameharibika itikadi?

Hoja ya pili: "Elimu hii huondoa imani."

Nakuuliza: imani gani hiyo inayoogopa mpira na taa? Mwaka wa kumi wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Lau Mtume angekuwa mtu wa kutafuta utukufu, hapana siku iliyokuwa nyepesi kuliko ile; angenyamaza tu. Lakini hakunyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Aliwakataza watu dhana hiyo, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni dalili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, kisha akawasalisha. Katika huzuni ya mwanawe, Mtume alizuia uzushi usiingie katika habari za jua. Na sisi leo, bila ya msiba wowote, twauacha uzushi ukae.

Imamu Ghazali, ambaye hapana mwenye kumtuhumu upungufu wa dini, alipowajibu wanafalsafa alitanguliza onyo. Alieleza kwamba kupatwa kwa jua na mwezi kumethibiti kwa hesabu zisizo na shaka, na kwamba anayedhani kuyapinga hayo ni kuinusuru dini, huyo ameidhulumu dini na kuidhoofisha. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuijua hesabu hataitilia shaka hesabu yake. Ataitilia shaka dini aliyoambiwa kwamba inaikataa. Yamepita miaka zaidi ya mia tisa tangu aandike hayo, na sisi bado twalirudia kosa lile lile barazani, na kahawa mkononi.

Watasema: "Lakini wao husema ardhi ina miaka bilioni nne na nusu!" Naam, ndivyo wapimavyo, kwa mawe ya ardhi na vimondo vilivyoanguka kutoka mbinguni. Wewe limekuudhi nini? Umeisoma wapi katika Qur'ani hesabu ya miaka ya ardhi? Ile hesabu ya kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa ilitolewa katika karne ya kumi na saba na askofu mmoja wa Ireland, James Ussher. Ugomvi wa hesabu hiyo ni ugomvi wa watu wengine katika nyumba yao. Sisi Mola wetu ametwambia kwamba siku kwake ni kama miaka elfu ya tunayoihesabu, na mahali pengine ametaja siku ya miaka elfu hamsini. Basi kwa nini tuazime ugomvi usio wetu na kuuita imani?

Hata hivyo nitasema haki kwa pande zote mbili. Wamo katika wahadhiri wa mambo haya ambao, wakimaliza kukuonyesha nyota, hukuongezea kutoka mfukoni mwao kwamba basi Mungu hayupo. Hilo hawakuliona katika darubini. Darubini huonyesha nyota ilivyo na ilivyokwenda. Haikupewa kazi ya kujibu ni nani aliyeiweka na kwa nini. Mtaalamu akisema hilo, amevua kanzu ya elimu yake akazungumza kama mtu yeyote wa sokoni, na mtoto wako afundishwe kutofautisha. Lakini atafundishwaje kutofautisha ikiwa hapelekwi akasikiliza, kisha akarudi kwako na kukuuliza? Kijana unayemficha leo atayasikia kesho akiwa mbali nawe, usiku, peke yake, na kioo cha simu mkononi. Wakati huo hatakuwa na mzee wa kumuuliza, kwa kuwa alipokuwa mdogo aliona kwamba wazee hukasirika wakiulizwa.

Hili nalijua kwa nafsi yangu. Zamani, nikisomesha chuoni, mtoto mmoja aliniuliza kwa nini mwezi hutufuata tukitembea. Nilimwambia asome ubao wake. Lilikuwa suali zuri, na jibu lake ni jepesi: mwezi uko mbali mno, kiasi cha kilomita 384,000, hata hatua zetu hazibadilishi upande tunaouonea, na minazi iliyo karibu ndiyo inayoonekana kurudi nyuma. Sikulijua jibu, nikaona haya kusema sijui, nikafunika haya yangu kwa ukali. Mtoto yule hakuniuliza tena suali lolote, hata la dini. Zingatia hapo, msomaji. Ukiufunga mlango wa suali la mwezi, umeufunga na wa suali la sala.

Hoja ya tatu: "Mambo haya hayana faida kwa watoto wetu, mtoto wa mvuvi atafanya nini na nyota?"

Subhanallah! Nani katika dunia hii aliyeishi kwa mbingu kuliko mtu wa pwani? Wazee wetu walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua; walikuwa wakitazama juu ndipo walime chini. Mvuvi hajui bamvua na maji mafu? Ajua siku zake, lakini mwanawe afaa ajue na sababu: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mwezi na jua huwa katika mstari mmoja na ardhi, mivuto yao husaidiana, maji yakajaa sana na kupwa sana, mwezi ukiwa nusu, mivuto hupingana, yakawa maji mafu. Nahodha hajui kaskazi na kusi? Sababu yake ni kwamba nchi kavu ya Asia hupoa na kupata joto upesi kuliko bahari. Inapopoa, hewa nzito hushuka kutoka huko kuja kwetu, ikawa kaskazi. Inapopata joto, hewa yake hupanda juu na upepo huvutwa kwenda huko, ikawa kusi. Upepo huo ndio uliowaleta babu zetu na tende na vitabu, na ndio uliowarudisha kwao. Mtoto wa pwani asiyejua habari ya upepo huo amekosa nusu ya nasaba yake.

Na kama hayo hayakutoshi, sikiliza hili. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani. Ilikuwa chombo cha kwanza duniani kupelekwa juu kwa kazi moja tu, ya kuitazama mbingu kwa mionzi ya eksirei. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliiita Uhuru. Neno letu la Kiswahili! Chombo hicho kiliorodhesha mbinguni vitu 339 vitoavyo mionzi hiyo, na habari zake ndizo zilizowaongoza wataalamu kukitambua kile wakiitacho shimo jeusi, katika kundi la nyota liitwalo Cygnus. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Na kwa nini walikuja Malindi? Kwa sababu ardhi yazunguka, na kwenye ikweta ndiko inakokwenda kasi zaidi, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa; roketi ikirushwa kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Mwenyezi Mungu ametuweka karibu na mahali palipo bora duniani kwa kazi hiyo. Waitalia waliijua neema yetu wakavuka bahari kuifuata. Sisi tulikuwa hapo hapo, roketi ikipita juu ya mapaa ya makuti, na wangapi katika watoto wetu walielezwa ni kitu gani kile?

Hoja ya nne ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa husemwa na watu wa mimbari, nami ni mmoja wao: "Hatuna haja ya mihadhara hiyo, yote yamo katika Qur'ani."

Qur'ani ni kitabu cha uongofu, na ndani yake mna amri ya kutazama. Katika Sura ya Aal-Imran wamesifiwa wenye kutafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Katika Sura ya Al-Ghashiya watu wanaulizwa mbona hawatazami mbingu zilivyoinuliwa na ardhi ilivyotandazwa. Sasa niambie: mtu akiamriwa atazame, akakaa na macho yamefumbwa, kisha mwenziwe akatazama na kuleta habari, naye akapiga kelele, "Hayo nilikuwa nayo kitabuni!", huyo ametii amri au ameiasi? Mbona hatukuyatoa sisi kabla yao? Twangoja Mzungu akeshe na darubini yake miaka arobaini, asubuhi twaamka na kudai kwamba jambo ni letu. Tena likija kubadilika lile jambo, kama elimu za wanadamu zinavyobadilika kila siku, tutaibadilisha na tafsiri ya Qur'ani? Huku si kuitukuza Qur'ani. Ni kuitumia kuwa shuka la kufunikia uvivu wetu.

Basi tufanye nini? Mimi sikuamrishi ujenge chuo kikuu. Naanza na kijiti.

Katika kila mwaka, yapata tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba. Saa za Makka na saa zetu ni moja. Dakika hiyo, simamisha kijiti uwanjani pako: kivuli chake kitalala kwa kukipa kibla mgongo. Ufuate mstari wa kivuli kuelekea jua, umeipata Al-Kaaba. Sisi wa Mombasa tutakiona kivuli kimenyooka karibu kusini kabisa, kwa kuwa mji wetu na Makka viko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Waite wanao, wa kiume na wa kike. Kisha waulize kwa nini imekuwa hivyo. Watakapokuuliza wewe nawe hujui, sema "Sijui", kisha mpelekeni wote pamoja suali lenu yule mwalimu wa skuli.

Na tarehe 2 Agosti 2027, kwa hesabu ya wataalamu, jua litapatwa kabisa, na kivuli cha mwezi kitapita Luxor katika Misri, kipite Jedda na Makka yenyewe, kiende Yemen na Somalia. Itasaliwa sala ya kupatwa kwa jua mbele ya Al-Kaaba, mchana umegeuka giza. Nakuuliza, msomaji: watoto wetu watakapoiona picha hiyo, tutakuwa tumewaeleza nini kabla yake? Au tutawaachia tena wenye kuzusha?

Nawausia wenzangu wa vyuoni: kila mwezi siku moja, baada ya Alasiri, mwalimu wa sayansi aingie chuoni na mpira wake na taa yake, na sheikh aketi pale pale, mbele, asikilize. Mhadhiri akikosea katika dini, sheikh amsahihishe kwa adabu. Sheikh akikosea katika hesabu, naye asahihishwe kwa adabu. Watoto wawaone wawili hao wamekaa jamvi moja. Hilo peke yake litawafunza zaidi ya waadhi wangu wa miaka mingi.

Ama yule mwalimu wa viti sitini, nilikwenda kwake nikamtaka radhi. Alicheka, akaniambia mpira wake bado haujatoka upepo. Alhamisi ijayo ataketi chuoni kwangu, nami nitawaleta wajukuu zangu wote. Walete na wako. Na ukisikia barazani neno la kuwazuia watoto wasije, tafadhali usinyamaze.

Mola wetu atuzidishie elimu, na atujaalie kuwa katika wenye kuzitazama dalili zake na kuzifahamu. Wabillahi-t-tawfiq.